Mabano ya Haisikiki

Watu walimwita Sikio, na jina hilo hakupewa na mama yake, alilipata kazini. Mtu alizungumza na kinasa sauti chake, akakileta, naye Sikio alikaa mezani, akachomeka spika ndogo masikioni na kukanyaga pedali iliyo chini ya meza ili sauti iende, isimame au irudi nyuma kidogo, huku vidole vikikimbia juu ya kibodi. Jioni mwenye maneno yake alirudishiwa kurasa safi. Kuisimulia kazi hiyo ni rahisi. Kuifanya ni jambo jingine, maana watu wakishashika kinasa sauti husahau kwamba upande wa pili kuna binadamu. Hula huku wakisema. Hupiga miayo. Kulikuwa na daktari wa mifugo aliyesoma ripoti zake akiwa zizini, ng'ombe naye akichangia mada, na bado Sikio aliweza kuyatenga ya daktari na ya ng'ombe.

Katika kazi hiyo kuna desturi moja. Neno likishindikana kabisa kusikika, mwandishi haruhusiwi kubuni. Anaweka mabano, ndani yake anaandika "haisikiki", kisha anaendelea mbele. Wapo waandishi wanaonyunyiza mabano hayo kama chumvi. Sikio aliyachukia kama kidonda. Alikuwa tayari kurudisha sauti nyuma mpaka pedali ilie, afumbe macho, atoke nje kunywa maji na kurudi, hadi neno lijisalimishe lenyewe. Na kwa kuwa masikio ndiyo yaliyokuwa jembe lake, aliyatunza. Kila asubuhi baada ya kupiga mswaki alichukua kijiti chenye pamba nchani, akasafisha sikio moja, akasafisha la pili, taratibu, mpaka ndani kabisa. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alimtania kwamba masikio yale yanasuguliwa kuliko sufuria za nyumba nzima.

Basi mambo yakaanza kuharibika, na yalianzia kwenye sauti ya Jaji.

Jaji alikuwa mama mstaafu, mfupi, mkavu wa maneno, aliyeamua kusimulia maisha yake ya mahakamani yawe kitabu. Alikuwa mteja wa kuombewa dua. Alisema kama mtu anayesoma hukumu: sentensi inafika mwisho wake, nukta anaitaja, aya mpya anaitaja, na akikosea anasema "futa hiyo" kwa adabu. Ghafla sauti yake ikaanza kufifia. Mwanzoni mabano yalitokea hapa na pale. Baadaye yakaenea kwenye kurasa kama upele.

Sikio akampigia simu. "Mheshimiwa, naomba usogeze kinasa karibu na mdomo. Kiasi cha kiganja tu."

Jaji akasogeza. Mabano yakazidi.

"Mheshimiwa, nadhani ni feni. Ukiwa unasema, zima feni."

Jaji akazima feni, akawa anasimulia huku anatoka jasho. Sikio akamwambia asikiweke kifaa juu ya meza, akamwambia abadilishe betri, akamwelekeza kitufe fulani cha ubavuni, na mwisho akamshauri anunue kinasa kingine, kwa kuwa hicho alichonacho kimezeeka. Jaji akanunua. Kile kipya nacho, kwa maelezo ya Sikio, kilikuwa kibovu tangu kiwandani.

Wala hakuwa Jaji peke yake. Mkaguzi wa majengo, aliyekuwa na sauti ya kusikika ghorofa ya tatu, sasa alinong'ona. Daktari wa mifugo alimumunya maneno. Hata ng'ombe alikuwa amepunguza sauti. Dunia nzima ilikuwa imekubaliana kumnong'onea mtu mmoja, na mtu huyo akawa anawaandikia wateja wake maelekezo makali ya namna ya kushika kinasa sauti. Nyani haoni kundule.

Nyumbani lawama zilihamia kwenye cherehani. Kwa miaka yote mkewe alikuwa akishona sebuleni, hatua chache kutoka mezani pake, na mlio wa cherehani haukuwahi kumsumbua. Sasa akasema unameza sauti za wateja.

"Ihamishie koridoni," alimwambia. "Siwezi kufanya kazi na kelele hizo."

Mkewe akaanza kubeba vitambaa vyake bila kubishana. Koridoni hakukuwa na dirisha, na kila mtu aliyepita kwenda maliwatoni alimlazimu asimame na kusogeza kiti. Kule kutobishana tu kungetosha kumwambia Sikio kwamba kuna kitu, kwa kuwa mwanamke huyo hakuwa mtu wa kuacha neno limpite bila kulijibu.

Tusimwonee, hata hivyo. Kuna nyakati alijiuliza, na jibu lililomjia ndilo lililomfanya aendelee kulaumu feni na betri. Jibu hilo lilikuwa limekaa sebuleni kwenye kiti cha kona. Lilikuwa baba yake.

Mzee huyo waliyemwita Babu, jina lililobaki nyumbani baada ya wajukuu kuoa na kuolewa, alikuwa hasikii mpaka umpigie kelele. Ilianza kidogo kidogo, akiwa na umri uleule aliokuwa nao Sikio sasa. Mwanzoni watu walitania kwamba mzee anajitia hamnazo akiombwa kazi. Kisha utani ukaisha, wakabaki kupaza sauti. Kumwambia Babu kwamba chakula kipo tayari ilikuwa ni shughuli: unamsimamia mbele, unavuta pumzi, unapasua. Wakija wageni alikaa nao akiwatazama midomo, na wakicheka alicheka, nyuma yao kidogo, akiwa hajui kilichochekesha. Siku hizi hata kuuliza alikuwa ameacha. Hakuna aliyewahi kumpeleka hospitali, kwani uzee hauna dawa, ndivyo walivyosema wote, na Sikio alikuwa wa kwanza kusema.

Kicheko kile cha kuchelewa ndicho kilichomtisha Sikio. Alikiona kinamjia yeye. Mwandishi wa sauti asiyesikia ni kama dereva asiyeona; hana la kufanya ila kurudisha funguo. Lakini zaidi ya kazi, aliogopa kukaa katikati ya watu wake akiwa peke yake. Kwa hiyo akaficha. Alijipanga kwenye viti vya kuona midomo ya watu. Alijifunza kusema "eheee" mahali panapofaa. Sauti ya kompyuta aliipandisha mpaka mwisho wake, na spika za masikioni alizisukuma ndani mpaka zikamuuma.

Mchana mmoja Jaji akaja mwenyewe. Hakupiga simu kwanza. Aliketi, akaweka mkoba magotini, akatoa kinasa sauti cha zamani na kinasa sauti kipya, akavipanga mezani kimoja kando ya kingine.

"Bwana Sikio," alisema, "nimekuja na vielelezo."

Sikio alimtazama midomo na kucheka kidogo. Jaji hakucheka. Alimwita mama mwenye nyumba aliyekuwa koridoni, akamwomba aketi nao, kisha akabonyeza kile kipya kikaanza kusema peke yake, kwa spika yake ya nje, bila waya wala nini. Baada ya muda akakizima.

"Umesikia nini?" akamuuliza Sikio.

"Ni kama nilivyokwambia, Mheshimiwa. Ukungu mtupu. Kuna neno moja moja, halafu panazama."

"Na wewe, mama, umesikia?"

Mkewe aliangalia mikono yake. Alikuwa bado amevaa subana, kile kifuniko cha chuma cha kukinga kidole wakati wa kushona. "Nimesikia, Mheshimiwa."

"Tuambie."

"Umesema siku ya kwanza kukaa kwenye kiti cha hakimu, miguu yako haikufika chini vizuri, ukaomba uletewe kibao cha kukanyagia. Karani akaenda kukitafuta, mahakama nzima ikakaa kimya inangoja kibao. Ukasema nukta, aya mpya."

Jaji akabonyeza kile cha zamani, ambacho kilikuwa kimehukumiwa uzee, na mama akaeleza tena kila kitu, mpaka mahali ambapo Jaji alikuwa amekohoa.

Hapo Sikio aliona nyuso mbili zimemgeukia. Alitaka kusema kuhusu betri.

"Mashahidi wawili, mama na mimi, tumesikia," Jaji alisema, sasa akipaza sauti na kuitamka kila silabi, bila ukali. "Mmoja hajasikia. Nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi, Bwana Sikio. Mtu akiwalaumu mashahidi wote, huwa namtazama yeye."

"Utampa mtu mwingine kitabu," Sikio alisema.

"Nikiambiwa kwamba huwezi tena kusikia, nitampa mwingine. Sitakudanganya. Lakini sitampa kabla sijaambiwa, na atakayeniambia awe ni daktari, asiwe wewe." Akavirudisha vinasa sauti mkobani, akasimama. "Nenda kapimwe. Na mimi niruhusu niwashe feni yangu."

Alipoondoka, nyumba ikawa kimya, au Sikio alidhani ni kimya. Hakuwa tena na uhakika. Mkewe alisogeza kiti akakaa mbele yake kabisa, magoti yakagusana.

"Ulikuwa unajua," Sikio alisema.

"Baba Watoto, ukiwa kazini mimi namsikia Jaji nikiwa kule koridoni. Sauti inatoka masikioni mwako inanifikia mimi. Nilishazijua kesi zake zote. Nitaachaje kujua?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeniambia nihamie jikoni."

Akataka kucheka, badala yake akajikuta anafuta macho. Akamwambia yote: umri, kiti cha kona, kile kicheko. Aliyasema kwa sauti kubwa bila kujua, na Babu aliyekuwa palepale akiangalia dirishani hakugeuza hata shingo.

"Naogopa kuwa kama Baba," alisema.

Mkewe alimshika viganja. "Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sasa hatujui lako limekufa au linajifanya. Kesho asubuhi twende, tukajue moja."

Walikwenda. Kwenye kliniki ya masikio kulikuwa na benchi refu, na mlangoni karatasi yenye picha ya sikio lililokatwa kuonyesha vya ndani. Sikio alikaa mbele ya karatasi hiyo akaitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa. Alipoitwa hakusikia; mkewe akamgusa bega.

Muuguzi alikuwa msichana mwenye umri wa kuwa binti yake, mchangamfu, mwepesi wa mikono. Alimwashia kitochi sikio la kulia, akachungulia. Akamzunguka, akachungulia la kushoto. Akarudi tena la kulia, kama aliyesahau kitu. Sikio aliona jinsi uso wake ulivyobadilika, akajiandaa kupokea hukumu.

"Baba," muuguzi alisema, akimkaribia, "masikio unayasafisha kwa kutumia nini?"

"Vijiti vya pamba," Sikio alisema, na hata katika hofu ile palikuwa na fahari kidogo. "Kila asubuhi. Sijakosa hata siku moja. Ndiyo kazi yangu, binti yangu, lazima yawe safi."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na kazini unavaa spika za ndani ya sikio?"

"Kutwa nzima."

Muuguzi akamtazama mkewe, kisha akamtazama yeye, na akajizuia asicheke kwa kuuma mdomo. "Baba yangu, hukuwa unasafisha. Ulikuwa unashindilia. Nta ya sikio hutoka yenyewe ukiiacha. Wewe asubuhi unaisukuma kwa kijiti, mchana unaipigilia kwa spika. Humo ndani kumekuwa ukuta. Ngoma ya sikio yenyewe siioni, maana njia yote imezibwa."

"Ni nta?"

"Ni nta."

"Basi? Hakuna kingine?"

"Tuitoe kwanza ndipo tuone. Lakini nikikuangalia, sioni dalili ya kingine."

Alimtia matone, akamrudisha kwenye benchi asubiri yalainishe. Sikio alikaa ameinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine, na mkewe akawa anamtazama kwa jicho la mtu aliyebeba utani lakini anauhifadhi kwa heshima ya mahali. Mtu alitia pamba masikioni mwake mwenyewe, halafu akawagombeza watu eti wananong'ona. Utani wa namna hiyo hauharibiki ukiwekwa.

Kisha wakamwita tena, akapewa kibakuli akishike chini ya sikio, na muuguzi akaingiza maji ya vuguvugu kwa bomba. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili Sikio alihisi kitu kizito kinajongea kichwani mwake, kinakwama, kinajongea tena, na ghafla kikaanguka kwenye kibakuli, cheusi, kigumu, kama punje ya maharage. Na dunia ikaingia.

Iliingia yote kwa pamoja. Alisikia maji yakidondoka. Alisikia kola ya shati lake ikisugua shingo, na muuguzi akivuta pumzi, na mtu wa chumba cha pili akifungua droo. Sikio la kushoto lilipozibuliwa alishtuka kabisa na kushika kiti, maana kulikuwa na bati mahali fulani linagongwa na alidhani limo humohumo chumbani, kumbe ni uani.

Muuguzi alichungulia tena na kitochi, pande zote mbili, bila haraka. Halafu akaenda kusimama nyuma yake na kusema kwa sauti ndogo sana, "Baba, unafanya kazi gani?"

"Naandika wanayosema watu," Sikio alijibu.

"Basi rudi kaandike. Ngoma za masikio yako ni nzima kabisa. Na vile vijiti vipe likizo ya maisha."

Sikio alishusha pumzi ambayo aliishikilia kwa miezi. Alilia palepale kwenye kiti, hadharani, kibakuli kikiwa bado mkononi, na hakuona haya hata kidogo. Mkewe alicheka huku naye analia. Muuguzi akawaacha, akaanza kuosha vifaa vyake.

Wakiwa mlangoni Sikio akageuka. "Binti yangu, na mtu akiwa mzee sana? Hasikii miaka mingi. Yeye ni uzee, siyo?"

"Ameshapimwa?"

Sikio na mkewe walitazamana.

"Basi hamjui," muuguzi alisema. "Mleteni."

Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu Sikio alitaka kusikia. Siku hiyohiyo aliirudisha cherehani sebuleni yeye mwenyewe, akampigia Jaji simu, akampigia mkaguzi na daktari wa mifugo, akawaomba radhi mmoja baada ya mwingine. Daktari wa mifugo alicheka mpaka akashindwa kuongea. Jaji alisema, "Mshtakiwa yuko huru," kisha akauliza atapata lini sura ya tatu. Sikio alivaa spika zake, safari hii zile kubwa za kufunika sikio kwa nje, akateremsha sauti mpaka karibu na chini, akaanza kuyafuta mabano. Maneno yote yalikuwa pale. Hakuna hata moja lililokuwa limepotea.

Lakini hakufanya kazi vizuri jioni ile. Kila mara alijikuta anageuka kutazama kiti cha kona.

Babu alipopelekwa hakuuliza anapelekwa wapi. Alivaa kofia yake akafuata. Muuguzi alikaa naye kwa muda mrefu kuliko alivyokaa na Sikio, akatoka kuja kuwaeleza. Sikio la kushoto limechoka kweli, alisema, umri umelimaliza, na hapo hakuna la kufanya. La kulia lilikuwa limezibwa tu. Nta ya miaka, imekauka kama jiwe. Imebidi kuiondoa vipande vipande. "Hilo linasikia," alisema. "Si kama la kijana, lakini linasikia vizuri. Msimpigie tena kelele, mtamuumiza."

Njiani kurudi Babu alitembea polepole, na mara kwa mara alisimama akageuza sikio la kulia upande fulani: kwa mtu anayefagia, kwa mlango unaofungwa, kwa watoto wanaogombana. Sikio alitembea kando yake na hakuthubutu kumsemesha. Aliogopa asije akasema neno, lisisikike.

Nyumbani Babu aliketi mahali pake. Mkewe Sikio alitoka jikoni, akamsimamia mbele kama alivyozoea, akavuta pumzi ya kupasua. Halafu akakumbuka. Akaiachia ile pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida, ile anayosemea na watu wengine wote:

"Babu, chai iko tayari."

"Nimesikia," Babu alisema.

Hakuinuka. Alikuwa anamtazama mkwe wake usoni kama anayemtazama mgeni.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi, Babu."

"Kumbe una sauti ya upole hivyo." Alifikiri kidogo. "Mimi miaka yote nakuona umekunja uso, mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama. Na huyu mwanangu hivyohivyo. Nikajua basi, mmenichoka. Nikawa najitahidi nisiwaulize jambo."

Mkewe Sikio alipiga magoti palepale mbele ya kiti. "Tulikuwa tunapaza sauti ili usikie, Babu. Hatukuchoka. Haki ya Mungu hatukuchoka."

"Sasa najua," Babu alisema, akamgusa kichwa.

Sikio alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kila neno, akafungua mdomo aseme la kwake. Babu akainua kidole kuwanyamazisha wote, akageuza sikio la kulia mbele.

"Hebu sema tena hiyo ya chai," alisema.

Mkwe wake akaisema tena, kwa sauti ileile ya chini, na Babu akaitikia kabla hajamaliza.